Kumbukumbu ya mradi: ukuta wa Qorikancha umesimama

Sehemu ya chini imekamilika, na sasa naweza kueleza vizuri kwa nini nimeichelewesha ya juu.

Ninachojenga ni mfano wa kona moja tu ya mji wa Cusco, Peru: pale kanisa la Santo Domingo lilipokaa juu ya Qorikancha, hekalu la jua la Wainka, watu waliotawala huko kabla ya Wahispania kuja. Ningeweza kuanza na kanisa kuu la mji, ambalo nalo linasemekana kusimama juu ya kasri la mfalme Viracocha, lakini pale kazi ya Wainka imemezwa. Santo Domingo haifichi kitu. Ukuta wa Wainka uko chini, wa Wahispania uko juu, na mpaka kati yao unaonekana ukiwa barabarani. Mradi wangu wote unahusu mpaka huo.

Ukuta wa chini una kimo cha kama mita 6, kwa hiyo kwa kipimo cha 1:50 umenipa sentimita 12. Nimeumwaga kwa jasi ndani ya kalibu, kisha nikachora mawe kwa sindano nene kabla haijakauka kabisa. Ugumu ni kwamba unapinda kwa ubavu na wakati huohuo unaegemea ndani kadiri unavyopanda, na safu za mawe zinazidi kuwa nyembamba kuelekea juu. Rula haisaidii hapo. Nilikata vipande vya kadibodi vyenye mkunjo unaofaa, kila safu na chake. Viungo sikuvitia rangi nyeusi: mawe halisi yalichongwa na kusuguliwa mpaka yakabana bila chokaa, na mstari mweusi ungeusingizia ukuta nyufa ambazo hauna.

Kuta za ndani za hekalu zilipambwa kwa mabamba ya dhahabu. Mwaka 1533 yalibanduliwa ili kuchangia fidia ya Atahualpa, mfalme wa Wainka aliyekuwa mateka wa Francisco Pizarro, kiongozi wa wavamizi Wahispania, na hata baada ya fidia kulipwa Atahualpa aliuawa. Eneo likaangukia mikononi mwa Juan Pizarro, ndugu yake Francisco, kisha likawa la watawa Wadominiko. Nilipojua hayo niliacha wazo la kuweka karatasi ya dhahabu popote kwenye mfano huu. Mawe matupu yanatosha.

Tarehe mbili nimezibandika juu ya meza: 31 Machi 1650 na 21 Mei 1950. Ni matetemeko mawili makubwa ya Cusco. Yote mawili yaliliumiza vibaya kanisa na makao ya watawa, na mara zote mbili ukuta huu ulibaki umesimama. Ule mwegemeo wa ndani na mawe yanayoshikana yenyewe ndiyo nguvu yake. Tetemeko la 1950 lilifanya jambo jingine zaidi: lilibomoa kuta za kikoloni, na vyumba vya Wainka vilivyokuwa vimezibwa humo vikaonekana upya. Wakati wa ukarabati vingi viliachwa wazi. Ndiyo maana leo ukiingia kwenye ua wa watawa unakuta matao ya duara ya Kihispania yakitazamana na milango ya Wainka, mipana chini na myembamba juu.

Kwa sehemu ya juu nimeshachagua mbao laini nitakayoipaka chokaa yenye chembe za mchanga, ili hata kidole kijue kimevuka kutoka zama moja kwenda nyingine. Vigae vya paa ninavifinyanga kwa udongo, kimoja kimoja, na vya kwanza vimekauka bila kupasuka. Roshani iliyo juu ya ukuta uliopinda itafuata baada ya paa. Ua na matao yake nitauacha bila paa, nikikata na ukuta wa upande mmoja, maana mtazamaji lazima avione vile vyumba vya mawe.