Mshahara ulipanda nilipohama, si nilipovumilia

Nianze na baba mdogo wangu wa Katuba, maana ndiye aliyenichelewesha. Kila nikilalamikia mshahara alikuwa na jibu moja: "Mutoto, mvumilivu hula mbivu. Utaacha kazi, na batu banaitafuta na toshi?" Haya. Nilivumilia miaka tisa katika magazini, yaani stoo, ya vipuri vya mitambo ya migodi hapa Lubumbashi, na mbivu niliziona kwa macho yangu zikiliwa na wageni.

Mawazo yake nayajua yalikotoka. Ni mtu wa enzi za poso, kampuni ya shaba ilipokuwa inampa mfanyakazi nyumba, hospitali, shule ya watoto na unga wa mwezi, wazee wakasema kazi ni baba, kazi ni mama. Lakini wazee haohao waliuona mwaka 2003, Gécamines, kampuni hiyohiyo ya shaba, ilipoagana na watu zaidi ya 10,000 kwa ule mpango wa kuondoka kwa hiari uliolipiwa na Benki ya Dunia. Kutoka pale, mtu akinihubiria uaminifu kwa patro, yaani mwajiri, namsikiliza kwa sikio moja.

Sasa hesabu. Niliingia 2015 kwa dola 450. Nyongeza ya ukongwe ilikuwa asilimia 3 kila mwaka, na tulipigiwa makofi kwa hiyo. Ukiizidisha miaka tisa mfululizo unafika kama dola 585. Na hizo ni dola za karatasini, kwa sababu tulilipwa franka, kwa kiwango cha kampuni cha kubadilisha dola, kilichopangwa Januari na kuguswa tena Januari iliyofuata. Nilipoanza, dola ilikuwa kama franka 920. Kufika mwisho wa 2017 ilikuwa inakaribia 1,600. Mwaka ule mke wangu aliniuliza, bila kucheka, kama nina nyumba ya pili.

Ndipo nikaanza ujanja wangu wa gunia, nao nausifu mwenyewe. Siku ya mshahara, kabla ya kulipa deni lolote, nilikuwa nauliza bei ya gunia la unga wa mahindi la kilo 25 kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, kisha naandika nyuma ya daftari la stoki: mshahara huu ni magunia mangapi. Dola inadanganya, franka inadanganya zaidi, lakini bukari, ugali wetu, haidanganyi. Mwanzo nilikuwa mtu wa magunia thelathini. Miaka ya mwisho nilikuwa wa ishirini na kitu, nikiwa na funguo zote za magazini, na vijana wananiita "chef". Yaani nilipandishwa cheo huku nikishushwa magunia.

Niliomba nyongeza, sikukaa kimya. Niliandika barua nzuri, nikampa mtoto wa jirani anayesoma sheria aipige pasi. Nilitaja ukongwe wangu, nilitaja kwamba inventari haijawahi kukosa hata nati, nilitaja uaminifu mara tatu. Jibu likaja tarehe 1 Mei. Tumevaa vitenge vya kampuni, tumetoka kwenye gwaride la Sikukuu ya Kazi, jua kali, naitwa mbele. Nikajua leo ndiyo leo. Mkurugenzi akanipa mkono, akanipa cheti chenye maua pembeni, na boksi. Ndani ya boksi: jiko la umeme, la sahani mbili. Kwetu Ruashi umeme wakati huo ulikuwa unakuja usiku wa manane na kuondoka kabla ya jogoo. Nilibeba jiko lile kwenye basi, abiria wananipongeza. Mke wangu aliweka juu yake sufuria, na chini yake mbabula yenye makaa. Lilikuwa meza nzuri.

Kilichonitoa usingizini ni kijana mmoja aliyeletwa nimfundishe. Hakujua kutofautisha mpira wa haidroliki wa shinikizo na ule wa kurudisha mafuta. Mwisho wa mwezi akanijia na karatasi yake ya mshahara, kwa heshima kabisa: "Yaya," yaani kaka mkubwa, "hizi 820 ni kabla ya kukatwa kodi na mfuko wa hifadhi ya jamii, CNSS, ao ni mkononi?" Nikamwambia ni kabla, nikaenda kuhesabu boliti ambazo hazikuhitaji kuhesabiwa.

Mhasibu wetu, ambaye hakuwa mtu mbaya, alinieleza kwa sentensi mbili ambazo hakuna aliyewahi kunipa: "Wewe tunakuongezea juu ya kile ulicho nacho. Yule tulimnunua sokoni." Sina haja ya kuongeza chochote hapo. Aliye ndani anapimwa na mshahara wake wa mwaka jana, anayeingia anapimwa na bei ya jirani. Na jirani walikuwa wameongezeka: tangu sheria ya 2017 kuzipa kampuni za Wakongomani kazi za sutretansi, zile ambazo kampuni kubwa huwapa wengine wazifanye, kila mwenye kontra ya mgodi alikuwa anatafuta mtu anayejua vipuri.

Bei ya soko niliipata kwa madereva. Watu wanahangaika na matangazo ya kazi, wakati dereva wa lori la vipuri anaingia Kipushi, Likasi, Fungurume hadi Kolwezi, na kila mahali anasubiri saa nzima apate sahihi ya magazinie, mtunza stoo. Katika saa hiyo wanazungumza nini? Pesa. Nikaanza kuwapa kiti, maji baridi, na karanga. Sikuuliza "unalipwa ngapi" hata siku moja. Nilikuwa nasema uongo mdogo: "Nimesikia yule wa Fungurume anapata 700." Hakuna dereva anayeweza kuvumilia uongo wa namna hiyo. "Nani? 700? Yule ni 950, na nyumba!" Kwa muda mfupi nilikuwa na ramani ya mishahara ya Katanga nzima, nyuma ya daftari lilelile la magunia.

Kwenye mahojiano ya kazi mpya waliniuliza mara moja: sasa hivi unalipwa kiasi gani? Rafiki zangu wote walikuwa wamenishauri niongeze uongo kidogo. Ushauri mbaya, maana wanaweza kukuomba karatasi za miezi mitatu. Mimi nilisema: "Mshahara wangu ni siri ya patro wangu, kama vile bei zenu zitakavyokuwa siri kwangu. Kazi hii, kwa stoki ya ukubwa huu, kutoka Likasi hadi Kolwezi inalipwa kati ya 850 na 1,000." Mama aliyekuwa ananihoji alimtazama mwenzake. Tulikubaliana karibu na 900, kwa kiwango cha benki cha siku ya malipo. Hilo la kiwango lipiganie kuliko hata tarakimu yenyewe.

Kulikuwa na preavisi, notisi ya kuacha kazi. Kanuni ya Kazi inamdai patro siku 14 za kazi, na 7 zaidi kwa kila mwaka kamili. Mfanyakazi anadaiwa nusu ya hizo. Kwa miaka yangu tisa zilikuwa 77 kwa patro, kama 38 kwangu. Wapya walinitaka baada ya wiki mbili. Nikawaambia magazinie anayekimbia stoki bila inventari leo, kesho atawakimbia nyinyi. Wakangoja. Patro wa zamani naye, nilipomaliza kuhesabu mapema, aliniachia.

Msinielewe vibaya, kuhama kuna hasara. Ukongwe unaanza sifuri, siku zako za ziada za likizo zinapotea, unarudi kwenye majaribio ambayo yanaweza kufika miezi sita. Mimi niliomba yawe mitatu, wakakubali bila hata kubishana. Namba ya CNSS ni yako, unahama nayo, usiogopeshwe na mtu. Lakini kontra ya muda isome mara mbili: nina shemeji aliyeacha kazi ya kudumu kwa ajili ya kontra ya mwaka mmoja yenye pesa nene, mgodi ukapunguza watu, sasa anauza vocha pale njiapanda ya Carrefour. Na kama patro wako anakupandisha daraja kweli, si jina tu, kaa. Wapo, ingawa mimi sikumpata.

Jambo la mwisho, cheti cha mwisho wa kazi. Kinaagizwa na sheria, wala si hisani. Changu kilikuja kimeandikwa "msaidizi wa magazini", cheo nilichoingia nacho 2015, kwa sababu kwenye mafaili hawakuwahi kunibadilisha. Yule DRH, mkuu wa utumishi, akaniambia si kitu, ni karatasi tu. Nikakaa kwenye benchi la walinzi getini, nikala mihogo yao, mpaka saa kumi jioni kikachapwa upya: mkuu wa magazini, na muhuri juu yake.