Watano Waliobaki Buckden Pike

Leo tarehe 30 Januari mawazo yangu yote yako Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, kwenye mlima ambao sijawahi kuukanyaga.

Siku kama ya leo mwaka 1942, ndege ya mabomu aina ya Wellington iliruka kutoka uwanja wa Bramcote ikiwa na wanahewa sita wa Poland. Hawakuwa wakienda kumshambulia adui, walikuwa mazoezini. Dhoruba ya theluji ikawazingira, wasione chini wala mbele, na ndege ikaangukia Buckden Pike. Mlima huo una mita 702 tu. Sisi wa Arusha tungeuita kilima.

Ilipogonga ukuta wa mawe mkia ukakatika, na humo mkiani ndimo alimokuwa mpiga bunduki, Józef Fuśniak. Kifundo cha mguu kilivunjika. Wenzake wanne walikuwa wamekwishakufa, wa tano bado anapumua. Fuśniak akaanza kutambaa kwenye theluji kutafuta msaada, asijue aelekee wapi, mpaka alipoona nyayo za mbweha. Akawaza kwamba mnyama mwenye njaa katika baridi ile lazima atateremkia kwenye makazi ya watu. Akazifuata, zikamfikisha kijiji cha Cray. Yeye alipona. Yule aliyemwacha akipumua hakupona.

Mwaka 1973 alisimamisha msalaba pale mlimani kwa ajili ya wenzake, na chini yake akaweka kichwa cha mbweha cha shaba. Namheshimu sana kwa hilo. Alimkumbuka hata mnyama.

Linaloniuma ni jinsi watu wanavyotamka "walikufa mazoezini", kana kwamba kifo hicho ni pungufu. Kamandi ya ndege za mabomu ya Uingereza ilipoteza watu 55,573 katika Vita vya Pili vya Dunia, na zaidi ya 8,000 kati yao walikufa mafunzoni na katika ajali nyingine nje ya mapambano. Vikosi vya mafunzo mara nyingi vilipewa ndege zilizokwisha kuchakaa. Njia ilitafutwa kwa dira, saa na makisio ya upepo. Upepo ukibadilika mawinguni, kijana anadhani yuko juu ya bonde kumbe jabali liko mbele yake. Kwangu hiyo ni vita kamili.

Na hawa walikuwa wameshapoteza nchi yao. Mwaka huohuo wa 1942, Wapolandi wengine, wengi wao kina mama na watoto waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti, walianza kufikishwa hapa kwetu Tengeru. Makaburi yao yapo hadi leo.

Wale watano walizikwa Newark, mji wa Uingereza, na mwaka uliofuata akazikwa hapohapo Jenerali Sikorski, waziri mkuu wao, naye akiwa amekufa kwa ajali ya ndege. Mabaki ya Sikorski yalirudishwa Poland mwaka 1993. Vijana hawa walibaki Uingereza, na ndiyo maana leo nimeona niandike habari zao kwanza, kabla ya za jenerali yeyote.