Gego la mwanangu na ubuyu wa mia tano

Mimi ni mzaliwa wa Arumeru, na nikicheka tu unajua. Meno yangu yana madoa ya kahawia kama ya wengi tuliokunywa maji ya kule utotoni. Nilipopata watoto hapa Dar es Salaam niliapa hayatawakuta. Nilishasikia kwamba mchawi ni floraidi, madini yaliyozidi kwenye maji ya kule, basi kila nikienda dukani nageuza boksi la dawa ya meno, nikiliona neno hilo nairudisha. Mwanangu alipiga mswaki miaka mitatu kwa dawa ya mitishamba isiyo na floraidi, nami najiona baba makini.

Alipofika darasa la pili akaanza kutafunia upande mmoja. Akinywa maji ya baridi anakunja uso. Nikamwambia, "Jino la utoto hilo, litang'oka lenyewe." Nilirudia maneno hayo karibu mwezi mzima.

Mke wangu ndiye aliyetusukuma kwenda kliniki. Daktari alimulika, akaniita nichungulie: chini kulia, nyuma kabisa, tundu jeusi. "Baba, hili si la utoto. Ni gego la kwanza la kudumu. Linaota mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma ya meno ya utoto, wala halingoji jino lingine ling'oke. Ndiyo maana wazazi wengi hamlioni likija."

Yaani lile nililokuwa nalisubiri ling'oke halikuwa na mrithi. Bahati nzuri tundu lilikuwa halijafika kwenye kiini, likazibwa siku hiyohiyo.

Kisha akaniuliza mtoto anakula nini, na saa ngapi. Hapo kwenye saa ndipo nilipoumbuka. Asubuhi chai ya vijiko vitatu vya sukari na mandazi. Saa nne mapumziko, ubuyu wa mia tano, ambao haumalizi. Anautia mfukoni na kumung'unya mbegu mojamoja mpaka kengele ya kutoka. Njiani pipi. Mchana juisi ya pakiti, jioni biskuti. Usiku, baada ya mswaki, maziwa ya sukari kitandani.

Daktari akanieleza kwamba bakteria wa mdomoni wakipata sukari wanatoa asidi inayolainisha jino, na mate yanahitaji nusu saa au zaidi kuituliza. Mtoto anayemung'unya ubuyu kwa saa mbili hayapi mate nafasi. Ni afadhali aumalize wote kwa mkupuo mmoja. Mimi siku zote nilipima wingi wa sukari, kumbe nilitakiwa kuhesabu mara.

Na ile floraidi? Akayatazama meno yangu, akacheka. Madoa yangu yalitokana na maji ya miaka ambayo meno yalikuwa bado yanaumbika ndani ya taya, pamoja na magadi tuliyotilia maharage. Dawa ya mswaki ya ukubwa wa punje ya njegere, ikitemwa, si habari hiyo. Akaniambia ninunue yenye floraidi isiyopungua 1000 ppm, yaani sehemu elfu moja kwa milioni, na mtoto akishatema asisukutue kwa maji mengi.

Nilianza vibaya. Nilifuta hela ya shule, nikamfungia chapati na yai. Siku ya tatu akarudi ulimi mwekundu. Alikuwa anabadilishana: nusu chapati, mfuko mmoja wa ubuyu! Biashara anaijua kuliko baba yake.

Tukakubaliana upya. Ubuyu anunue, ila auweke kwenye begi mpaka nyumbani, aule wote baada ya chakula cha mchana. Hiyo aliipokea, maana hakunyang'anywa kitu. Vijiko vya chai tulivishusha polepole mpaka kimoja, bibi yake akanung'unika kwamba tunamnywesha mtoto maji ya moto. Maziwa yakahamia kabla ya mswaki, bila sukari. Na mswaki wa usiku napiga mimi, kichwa chake mapajani mwangu. Mkono wa mtoto wa umri ule haufiki kwenye gego.

Nikamwendea pia mama anayeuza vitafunwa getini.

"Shikamoo mama. Huwezi kuongeza matango?"

"Marahaba baba. Niyalete yanidodee?"

Nikamlipia ndoo ya kwanza. Akayakata vipande virefu na kuyapaka chumvi na pilipili. Siku hizi anayaleta mwenyewe, ingawa ubuyu bado ndio unaongoza, sitakudanganya.

Baada ya miezi sita tulirudi kwa daktari, hakukuwa na tundu jipya. Sasa zamu ni ya mdogo wake, anayekaribia miaka sita. Kila Jumapili namulika kwa tochi ya simu nyuma ya meno yake ya mwisho. Juzi fizi ilikuwa imevimba kidogo, na ncha nyeupe inachungulia.