Mishale yangu ilikuwa migumu mno kwa upinde wa mjomba

Watu watatu, wote wazoefu wa kupiga mishale, waliniambia kwamba uti mgumu, yaani kijiti cha mshale kisichokunjika kirahisi, ndio unaokwenda sawa. Niliwaamini. Nikapoteza karibu mwaka mzima hapa Njoro nikirekebisha kila kitu isipokuwa hicho kimoja walichoniambia kiko sawa.

Upinde alinichongea mjomba kwa mti wa mkole. Nikiuvuta hadi inchi 27 unafika kilo 20 na ushei, yaani pauni 45 hivi. Nilipima kwa mizani ya kuning'iniza, ileile inayopimia magunia ya viazi. Haukukatwa kidirisha cha kupitishia mshale kama pinde za kiwandani. Mshale unalala juu ya ngumi yangu, ubavuni mwa mti, upande wa kushoto.

Mishale yenye ncha ndogo ya mviringo ilikwenda vizuri tu. Nilikuwa nimeibandika manyoya marefu ya bata mzinga, na kwa mita 15 sikukosa robota la nyasi. Ndipo nikatamani kupiga vigumba, zile ncha za kufuliwa, pana na za makali mawili, kama alizotumia babu. Si kwa kuwinda. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977 na sina haja nao. Nilitaka mshale kamili, uruke kama ulivyokusudiwa.

Kigumba cha kwanza kilitoka vizuri, kikakata kona hewani na kuingia kwenye mahindi ya jirani, mita nne kushoto ya robota. Cha pili vilevile. Cha tatu sijakiona hadi leo. Mmoja wa wale watatu akasema fundi amefua vigumba vilivyopinda, nikamlipa mwingine wa jua kali anifulie vipya, mia kadhaa kila kimoja. Vikaenda kushoto. Wa pili akasema ongeza manyoya, nikaweka manne badala ya matatu. Kushoto. Wa tatu, ambaye hujiita mwalimu, alisema kwa uhakika kabisa kwamba uti ni mwembamba, nitafute mwanzi mnene zaidi. Nikautafuta, nikaukausha wiki sita kivulini, nikaunyoosha juu ya makaa. Mishale ile minene ndiyo iliyokwenda kushoto kuliko yote. Siku hiyo nilirudi nyumbani nimekasirika kwelikweli, kwa sababu kila ushauri ulikuwa umenisukuma mbali zaidi na jibu.

Jibu lilianza na mjomba. Nilipompelekea ule mwanzi mnene hakuuliza chochote kuhusu kigumba. Aliushika ncha zote mbili, akaukunja kidogo kwa viganja, akanirudishia. "Huu hautaki kupita, mpwa wangu," akasema. Basi.

Nilichukua muda kuelewa. Upote, ile kamba ya upinde, unarudi katikati ya upinde, lakini mti uko njiani, kwa hiyo mshale unaanza safari ukielekea pembeni. Ili uende mbele ni lazima ujikunje kuuzunguka mti, ujikunjue, ujikunje tena, kama nyoka anayeogelea. Picha za kasi alizopiga Mmarekani Clarence Hickman miaka ya 1930 zinaonyesha jambo hilo waziwazi. Uti mgumu mno haujikunji vya kutosha. Unagonga mti na kutupwa kushoto, kwa sisi tunaovuta kwa mkono wa kulia. Uti laini mno unakwenda kulia. Manyoya makubwa huvuta mkia na kuficha kosa hilo. Lakini kigumba kipana ni bawa lililowekwa mbele. Mshale ukitoka umekaa upande hata kidogo, bawa hilo linashika upepo na kuongoza njia, na manyoya ya nyuma yanashindwa.

Basi nikapima ugumu. Nilipigilia misumari miwili ukutani kwa umbali wa inchi 26, nikalaza uti juu yake, nikaning'iniza katikati uzito wa pauni 2. Uzito huo niliupata kwa pakiti ya sukari ya kilo: nilichota sukari hadi mizani ya jikoni ikasoma gramu 907. Unapima uti umelegea, yaani umeshuka katikati, milimita ngapi, kisha unagawa 660 kwa namba hiyo, unapata ugumu kwa pauni. Mianzi yangu minene ililegea milimita 11 tu. Hiyo ni 60! Kwa upinde wa pauni 45, tena usio na kidirisha, ambao unataka uti ulio chini ya 45.

Nilijaribu kuiparua kwa msasa ili ilegee. Usifanye hivyo kwa mwanzi. Nguvu yake yote iko kwenye ganda la nje, na nilipoliondoa, uti mmoja ulipasuka ulipokuwa bado kwenye misumari. Heri ulipasukia pale kuliko kwenye mkono wangu.

Nikaenda kwa mkulima mmoja karibu na Elburgon aliyepanda mianzi shambani mwake, nikanunua arobaini. Bei tulielewana. Kati ya arobaini, tisa tu zililegea milimita 15 hadi 16.

Sasa hapa ndipo ninapojivunia. Sikuagiza vigumba kwanza. Nilichukua nyuti mbili zisizo na manyoya na mbili zenye manyoya, zote nikazizungushia waya wa shaba wa umeme kwenye ncha hadi uzito wa mbele ukawa gramu 10, nikapiga kwa mita 10. Zile tupu zilitua kushoto kidogo ya zenye manyoya: bado ngumu. Nikaongeza waya gramu moja kwa zote, nikapiga tena. Uzito wa mbele unaulegeza uti wakati wa kuruka. Gramu 13, zikakaa pamoja. Mkia wa zile tupu ulikuwa umeinuka, basi nikashusha kidogo fundo la uzi kwenye upote, pale mkia wa mshale unapokaa. Ndipo nikaenda kwa fundi nikamwambia: nifulie cha gramu 13, si zaidi. Alinitazama kama mteja msumbufu, lakini alivipima kimoja kimoja.

Vigumba nilivibandika kwa gundi ya kuyeyusha kwa moto, kwa sababu ukizungusha mshale juu ya ukucha na ncha ikatetemeka, unapasha joto na kukigeuza hadi kitulie. Manyoya yawe ya bawa la upande mmoja tu. Usichanganye kulia na kushoto.

Jumamosi ya kwanza nilipiga tisa kwa mita 20, asubuhi kabla upepo haujaamka. Zote tisa ziliingia kwenye robota, saba mahali ambapo kiganja kingezifunika.

Nilimpelekea mjomba. Alichukua mmoja, akaukunja kwa viganja, akautazama mkia hadi ncha.

"Unayo mingapi?"

"Tisa, mjomba."

"Niachie miwili."