Nilivyotoa upepo kwenye klachi ya pikapu nyumbani

Ijumaa asubuhi nilitaka kurudisha pikapu nyuma itoke getini. Nikakanyaga klachi, pedali ikazama hadi chini bila ugumu wowote. Rivasi ikakwaruza na kukataa. Nilipopampu mara tatu, nne, pedali ikapata nguvu kidogo, gia ikaingia. Hapo nikajua sahani ya klachi bado nzima, maana sahani iliyoisha huteleza: injini inalia, gari halivuti. Pedali inayoamka kwa kupampu ina shida ya mafuta au upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye mafuta.

Tunaishi Morogoro, na pikapu hiyo ndiyo hushusha kabichi na viazi kutoka Mgeta. Barabara ile ya milimani haitaki dereva wa kubahatisha gia, kwa hiyo nikaizima, nikaweka mawe kwenye matairi.

Klachi hii husukumwa na mafuta ya breki, na kwenye kikopo chake mafuta yalikuwa yamebaki kidogo, meusi kama kahawa. Nikaingia chini, nikabinua mpira wa vumbi wa sleva, silinda ndogo ya chini inayosukuma klachi, iliyofungwa ubavuni mwa gia boksi, mafuta yakanidondokea kidoleni. Raba ya ndani ilikuwa imechoka. Nikafungua sleva, nikatoa pistoni, nikapitisha kidole ndani ya silinda. Ilikuwa laini. Ingekuwa na mikwaruzo ningenunua sleva nzima, kwa kuwa raba mpya haidumu kwenye silinda iliyochubuka. Raba mpya niliipaka mafuta ya breki yaleyale. Usipake grisi ya kawaida wala oili ya injini. Raba hizi huvimba na kuharibika.

Kopo la zamani lililokuwa wazi stoo sikuligusa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yavumilie angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinashuka hadi 140. Nikanunua kopo jipya, nikarudisha sleva mahali pake, ikabaki kazi ya kutoa upepo.

Mwanangu wa miaka 14 akakaa kwenye usukani, mimi nikalala chini na spana ya nipo (skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye sleva), mpira mwembamba unaopitisha mwanga, na chupa ya soda yenye mafuta kidogo. Ncha ya mpira lazima izame kwenye mafuta ili nipo isivute hewa.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga, baba."

Nafungua nipo robo mzunguko, mapovu yanatoka, nafunga. "Achia!" Anainua pedali kwa mkono maana hairudi yenyewe. Mzunguko wa tatu aliachia kabla sijafunga, tukaanza upya. Tukakubaliana asiondoe mguu mpaka asikie neno "achia", hata kama amechoka. Kila baada ya mizunguko michache nilitoka kuongeza mafuta kwenye kikopo, kwa sababu kikikauka masta, pampu ya juu inayosukumwa na pedali, inameza upepo na kazi yote inapotea.

Tulikaa karibu saa nzima. Mapovu yakaisha kabisa mpirani, lakini pedali bado laini. Hapo nilikaa kitako nikaitazama njia ya paipu. Inatoka kwenye masta, inapanda kidogo, inapinda, ndipo inashuka hadi kwenye sleva. Upepo hupenda kupanda juu, na sisi tulikuwa tunausukuma ushuke. Povu lilikuwa limekaa pale kwenye pindo, mafuta yanapita chini yake, na kila pedali inapokanyagwa nguvu inaishia kulibana povu badala ya kusukuma klachi.

Nikafunga nipo, nikafungua boliti mbili za sleva, nikaiacha ining'inie kwenye mpira wake wa mafuta. Nikamwambia mwanangu ashuke garini kabisa, kwa sababu pedali ikikanyagwa sleva ikiwa nje, pistoni inachomoka. Akasimama mbele, boneti ikiwa imefunguliwa, kikopo kikiwa wazi na hakijajaa sana, kitambaa kimezungushwa, maana mafuta haya hula rangi ya gari. Yakimwagika, mwagia maji mengi papo hapo.

Nikasukuma fimbo ya sleva ndani kwa dole gumba, polepole, kisha nikaiacha irudi polepole.

"Baba, inabubujika!"

Nikarudia. Mara ya pili yalitoka mapovu makubwa, kisha madogo, na kufikia mara ya nane akasema anaona mafuta yanapanda tu. Nikarudisha sleva, tukakanyaga na kufungua nipo mara mbili za mwisho.

Alipokanyaga tena, mguu wake ulikutana na ugumu karibu na juu. Nikawasha injini, nikaweka rivasi. Iliingia kimya.

Jumamosi alfajiri nilikagua kikopo kwa tochi: mafuta yako palepale nilipoyaacha, na mpira wa vumbi mkavu. Tukaondoka kwenda Mgeta.