Leo kameza vijiko vinne

Saa tano na nusu usiku, nyumba nzima imelala isipokuwa mie na feni. Mwanangu kalala ubavu na mdomo wazi, maana akiufunga midomo inagandana na akija kuifungua inachanika, basi mate yanamtoka kidogo kidogo kwenye kitambaa nlichomtandikia na mie kila nikiandika mstari mmoja nageuka kukitizama kina rangi gani. Maji tu. Damu hamna. Alhamdulillah.

Ana saratani ya damu, na leo siku ya nane toka atiwe dawa ya manjano.

Sie wazazi dawa hizi hatuziiti kwa majina yake, nani atayaweza. Kuna nyekundu, ile inayomkojoza mtoto mkojo mwekundu mpaka mama mgeni apige ukelele akidhani damu. Na kuna ya manjano, yenyewe inaitwa methotreksati, na hii ndo inayomjua mwanangu mdomo. Akitiwa siku ile utasema hana hata mafua, anacheka, anakula, tunapanda boti kurudi Unguja anataka akae dirishani. Siku ya tano anaanza kuniambia chai ya moto na wakati chai ishapoa zamani. Siku ya saba hasemi tena. Hicho ndo kitu ambacho hakuna alienikalisha kitako akanambia mwanzo, kwamba dawa wanaitia wao kule Dar, hospitali ya Muhimbili, na madokta wako pale na manesi wako pale, lakini vidonda vinakuja kutoka huku, nyumbani kwa mama mdogo, saa nane za usiku, na alieko pale ni mie na tochi ya simu.

Dokta alinieleza vizuri baadae nlipouliza. Dawa inapiga kila chembe inayozaliana haraka, haichagui hii ya maradhi hii ya mtoto. Ngozi ya ndani ya mdomo inajibadilisha kila wiki moja mbili, basi nayo inapigwa, ile ya zamani inaisha na mpya haijaja. Na seli nyeupe nazo zimeshuka wakati huohuo kwa hiyo hakuna wa kulinda mlango. Zikianza kupanda, na mdomo unapona. Nlivoelewa hivo nlitulia kidogo, nkajua kumbe kuna siku za kuhisabu, si kitu kisichokuwa na mwisho.

Sasa mdomo wake naujua kuliko naujua uso wangu. Inaanza shavu la kulia kwa ndani, pale kwenye gego la nyuma, panakuwa pekundu kama pameungua. Halafu chini ya ulimi. Halafu mdomo wa chini unavimba na unashika utando mweupe. Na huu utando mweupe ndo nataka niuandike leo kwa sababu sijawahi kumwambia mtu, hata babake.

Mara ya kwanza kabisa, mwaka jana, nliuona nkasema huu uchafu. Mtoto hajapiga mswaki siku tatu, mdomo unanuka, mie mama gani nimuache mwanangu na mdomo kama huu, watu wakija kumtizama watasemaje. Nkachukua kitambaa cheupe, nkakizungushia kidoleni, nkachovya maji ya chumvi, chumvi nyingi kwa akili yangu ndo itasafisha, nkamshika kichwa nkamsugua. Alipiga kelele moja tu. Halafu akanyamaza akawa ananitizama. Kitambaa kikaja na kile cheupe na damu, na damu ile haikusita, chembe za kugandisha damu zilikuwa chini na mie hata sijui kama kuna kitu kama hicho, nkabana na kitambaa chengine na chengine mpaka tukatafuta taksi usiku ule.

Nesi aliyetupokea hakunigombeza. Bora angenigombeza. Alisema tu, "Mama, huu si uchafu, huu ni kama kigaga, chini yake ndo ngozi inaota. Usiubandue." Halafu akanionesha tafauti na fangasi, fangasi anakuwa kama maziwa yaliyokatika, madoa madoa, na ana dawa yake ya matone. Lakini nisijifanye dokta, nikiona cheupe nipige simu. Mpaka leo mwanangu nikimkaribia na kitambaa cheupe anageuza uso ukutani. Natumia cha buluu.

Basi nkajifunza. Chumvi kijiko cha chai kimoja, na bekin soda kijiko cha chai kimoja, kwenye lita moja ya maji yaliyochemka yakapoa. Bekin soda jamani, si bekin pauda na si magadi ya maharage, mama mdogo alitaka kunitilia magadi siku moja nkamuwahi. Anasukutua anatema, baada ya kula na kabla ya kulala na kila nikimuona kaamka. Asubuhi namwaga yaliyobaki natengeneza mengine. Mswaki ule wa kitoto laini kabisa nautia kwanza kwenye maji ya vuguvugu ulainike zaidi, na siku asizoweza mswaki basi pamba tu. Yale maji ya dukani ya kusukutulia yenye spiriti sitaki hata kuyaona.

Lakini haya yote madogo. Kubwa ni kula.

Watu wanafikiri mtoto wa saratani ya damu hali kwa sababu hana hamu. Kabla hatujafika kwa wanaojua, kuna mahala tuliambiwa eti anadeka, "mlazimishe mama, asipokula dawa haitomfaa", na mie nkamlazimisha, kijiko kwa nguvu, anatapika, namrudishia. Wallahi nikikumbuka. Mtoto ana njaa! Alikuwa ananusa samaki wa kupaka wa jirani machozi yanamtoka. Wiki ile anayokunywa vidonge vya steroidi ndo balaa zaidi, vinamtia njaa ya kuamka usiku kuomba wali, na mdomo haupitishi. Alieniokoa si mtu wa hospitali, ni mama mmoja wa Tumbatu tuliekuwa tumepakana vitanda, mtoto wake mkubwa kuliko wangu na yeye yuko mwaka wa pili wa dawa. Alinitizama ninavyohangaika akanambia, wewe unampa chakula halafu akilia ndo unampa dawa ya maumivu. Geuza. Mpe dawa kwanza, kaa nusu saa, halafu ndo chakula. Maneno hayo tu. Nkageuza, na siku ile ile akala.

Dawa yenyewe sasa hivi ni morfini ya maji. Mama mdogo aliposikia jina alishika kifua, "si ile ya wanaokata roho?" Nkamwambia mama, hii ni ya wanaoumwa sana, na huyu anaumwa sana, vidonda vikipona inapunguzwa inaachwa. Ila inafunga choo, na kuna sindano nyengine anayochomwa nayo inafunga choo, kwa hiyo wanatupa na dawa ya kulainisha na mie siruki hata siku moja. Asprini, diklofenaki, zile za kununua dukani tu mtu akikwambia jino linauma, hizo hapana kabisa, damu itatushinda. Na panadoli simpi kabla sijaweka themomita kwapani, kwa sababu panadoli inaficha homa, na homa ndo kitu pekee kinachonitoa mbio. Ikifika 38 hatungoji asubuhi. Ndo maana sikurudi Pemba baina ya dawa na dawa, nimejibana hapa Unguja kwa mama mdogo, hospitali ya Mnazi Mmoja ni dakika chache, kule kwetu mpaka nipate gari ya kutoka kijijini...

Pemba kwenyewe wanaona nimekaa mjini napenda. Haya.

Bibi yake, yaani mama yangu mie, juzi kaleta mzigo kwa mtu aliekuja na boti. Nazi, muhogo, na karafuu kavu kama kilo nzima kwenye mfuko wa rambo umefungwa fundo tatu. Kapiga simu, "mwanangu, zisage na mafuta, umpake, karafuu haijashindwa na kinywa toka dunia iumbwe." Na hakosei, mie mwenyewe nimekua nikiumwa jino natiwa karafuu na jino linakufa ganzi. Lakini jino ni jino. Nilikuwa na kidonda changu kidogo ndani ya mdomo, nimejing'ata kwa usingizi, nkasema hebu. Nkatia tone la mafuta ya karafuu. Nlisimama wima nkazunguka ukumbi mara mbili mkono mdomoni! Na mie kidonda kimoja saizi ya punje ya mtama. Bibi alipopiga tena jioni nkamwambia ndio mama nimempaka, kashukuru. Najua uongo, lakini mama yangu ana miaka sabini na kitu, kapanda mikarafuu kachuma mikarafuu katusomesha kwa mikarafuu, mie nimwambie leo karafuu zake haziwezi kumgusa mjukuu wake? Siwezi. Siku nyengine ntamwambia.

Nlizifungua nkazitia kwenye sahani karibu na dirisha zisivunde. Chumba kizima kikanuka kwetu, kile kipindi cha mavuno majamvi yametandazwa mpaka ukingoni mwa barabara na watoto wanafukuza kuku.

Akiwa na vidonda hasemi, anaongea kwa vidole. Kimoja maji. Viwili choo. Ngumi maana yake niache. Leo mchana kaonesha kidole kimoja, nkamletea maji, akatikisa kichwa. Kidole kimoja tena. Nkaleta uji, akatikisa. Nkaanza kukasirika, siku nne silali vizuri, nkamwambia sasa unataka nini baba sema basi, halafu nkajiona mjinga, aseme na nini. Akanyoosha kidole kwa dirisha. Nkamletea ile sahani. Akatia pua, akavuta, akafumba macho. Nlitaka kumtolea maana sijui kama vumbi lake zuri kwake, kinga yake iko chini, nkamuacha avute mara mbili tatu kwa mbali nkaiondosha. Labda nimekosea. Ntauliza Alhamisi tukienda kupima damu.

Halafu saa kumi na mbili dawa, saa kumi na mbili na nusu uji. Mchele nimeusaga laini, tui jepesi, sukari, nimeupoza mpaka ukawa baridi kabisa, na kijiko cha plastiki kwa sababu cha bati kinamgonga. Namtilia upande wa kushoto, kulia kubaya. Cha kwanza kakiweka mdomoni muda mrefu mpaka nkadhani atakitema, kashika mkono wangu hapa kiwikoni, kameza, mishipa ya shingo imesimama. Cha pili. Cha tatu. Cha nne kamwaga nusu lakini mie nakihisabu. Cha tano ngumi.

Anaota ubuyu, kaniandikia kwenye daftari lake la skuli, UBUYU, herufi kubwa na alama ya kuuliza. Ubuyu wa kwetu na ile pilipili na ukali ule! Nkamuandikia chini, ukipona. Akaandika tena, LINI. Nkahisabu kwa vidole nkamuonesha saba, na sina hakika na saba, zinaweza kuwa kumi.

Kaamka, kaonesha viwili. 37.3. Tukitoka chooni nitamsukutulisha.