Nilivyofunga maputo ya hewa kwenye gari-nyumba langu

Gari-nyumba langu limejengwa juu ya chasisi ya lori dogo: kitanda, jiko na kabati, na upande wa kulia nyuma kuna tangi la maji la lita 100. Likishapakiwa, nyuma lilikuwa linakaa, pua inainuka, na taa za mbele zinamulika matawi ya miti badala ya barabara. Usiku madereva waliokuja mbele yangu walikuwa wananipiga taa kubwa wakidhani na mimi nimewasha zangu. Usukani ulikuwa mwepesi kuliko inavyopasa, na kwenye kona gari lilikuwa linalala upande hadi vyombo vinagongana kabatini.

Ndipo nikaamua kufunga maputo ya hewa. Sizungumzii yale yanayofumuka usoni ajali ikitokea. Haya ni mifuko ya raba nene yenye nyuzi ndani yake. Hukaa kati ya ekseli, ule mhimili unaobeba magurudumu, na chasisi, kando ya springi za mabamba ya chuma, na springi zenyewe hazitolewi. Ukijaza upepo puto linasukuma chasisi juu; ukipunguza, linashuka.

Kabla ya kununua chochote nilikwenda kwenye mizani, na hapo ndipo ningemtaka kila mtu aanzie. Puto halikuongezei hata kilo moja ya uwezo wa gari. Linainua mwili tu, lakini ekseli, beringi, matairi na breki vinabaki na kikomo kilekile kilichoandikwa kwenye kibao cha mtengenezaji. Nilipima ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma, nikakuta ya nyuma imezidi kwa kilo 90. Kama ningefunga maputo bila kujua hilo, gari lingesimama wima na kupendeza huku likiwa limezidiwa. Nikahamishia vifaa vizito mbele, na tangi la maji nikaacha kulijaza: nusu yake ni kilo 50 ambazo hazina ulazima wa kusafiri.

Nilikagua pia springi, bamba kwa bamba, kwa brashi ya waya na tochi. Bamba lililokatika likishabebwa na puto halionekani tena kwa macho, na tatizo linabaki palepale. Zangu zilikuwa nzima, zimechoka kidogo tu. Kisha nikapima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kushoto na kulia, nikaandika kwenye karatasi. Upande wa tangi ulikuwa chini kwa sentimita 2.

Kazi ya kufunga yenyewe haikuwa ngumu. Magurudumu ya mbele yakawekewa vizuizi, nikapiga jeki kwenye chasisi ili ekseli ining'inie na nafasi ifunguke, kisha nikaliegemeza gari kwenye stendi imara. Chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake siingii hata kwa dakika moja. Nikatoa ile raba ya kugongea iliyo chini ya chasisi, maana puto linakaa mahali pake, nikafunga vyuma vya kushikilia kwa yubolti, zile bolti zenye umbo la U. Hapo lazima uangalie bomba la breki linalopita juu ya ekseli: chuma kikilibana hutajua mpaka siku unayohitaji kusimama ghafla. Puto likijaa hutanuka, kwa hiyo niliacha nafasi ya vidole viwili kulizunguka. Upande wa ekzosi niliweka bati la kukinga joto, kwa sababu raba na ekzosi havipatani.

Kilichonitesa ni paipu ya kupeleka upepo kwenye puto. Ni paipu nyembamba ya plastiki ngumu, unaisukuma tu ndani ya kiunganishi na inajibana yenyewe. Nilikata ya kwanza kwa koleo. Nikajaza upepo hadi 60 psi (kipimo kilekile cha upepo wa tairi), nikaenda kulala kwa furaha. Asubuhi upande wa kushoto ulikuwa umeshuka, kipimo kinasoma 20. Fundi niliyemwita akaichomoa ile paipu, akaniwekea mbele ya macho.

“Bosi, tazama mdomo wake. Umebonyea kama yai. Hapa hewa inapita tu.”

Akaikata upya kwa wembe mkali, mkato ulionyooka kabisa, akausugua kwa kidole kuhakikisha hauna kinyuzi, akaisukuma mpaka ikagota. Kisha akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Kwenye kiungo cha juu, ambacho mimi nilikiona kizima, kikaanza kutoka kiputo kimoja kidogo kama punje ya mtama, kikakua taratibu, kikapasuka, kikaja kingine. Tangu siku hiyo sabuni haikosi kwenye boksi langu la spana.

Kosa langu la pili lilikuwa la kutaka urahisi. Niliunganisha maputo mawili kwa paipu moja na valvu moja. Gari likasimama sawa, lakini kwenye kona likalala zaidi kuliko zamani. Sababu ni kwamba puto la nje ya kona linapobanwa, hewa yake inakimbilia la ndani, na la ndani linazidi kuinua upande wake. Nikatenganisha: kila puto na valvu yake na kipimo chake. Sasa upande wa tangi naupa 55 psi, wa pili 45, na gari limenyooka. Maelekezo ya seti yangu yanataka upepo usishuke chini ya 10 hata gari likiwa tupu, kwa sababu puto lisilo na hewa linajikunja na kujibana lenyewe, wala usipite 100.

Jambo ambalo karibu linipite ni breki. Magari mengi ya aina hii yana valvu nyuma yenye fimbo iliyoshikana na ekseli. Nyuma ikishuka, valvu inajua kuna mzigo na kuongeza nguvu ya breki za nyuma. Sasa maputo yameinua nyuma, na valvu inadhani gari ni tupu. Kazi hiyo sikuigusa. Nilimwachia fundi wa breki aiseti upya. Taa za mbele nazo zilirekebishwa.

Baadaye nilimsaidia rafiki yangu kufunga maputo kwenye lori lake la mizigo. Kwake tabu ilikuwa nyingine: akishusha mzigo alikuwa anasahau kutoa upepo, na lori tupu likawa linaruka kwenye kila shimo, tairi za nyuma zikikosa kushika barabara. Tukamwekea kompresa ndogo na swichi ya kujaza na kutoa upepo karibu na usukani.

Baada ya kilomita 800 nilikaza tena nati zote, na mbili kati yake zilizunguka. Kila nikitaka kupiga jeki natoa upepo kwanza ili puto lisivutwe ekseli inaponing'inia. Na asubuhi ya safari nachukua futi yangu na ile karatasi, napima kushoto, napima kulia, kisha ndipo nawasha injini.